Mzee Birika, na Maji Yaliyokuwa Yangu

Bwana Yesu asifiwe. Majirani zetu wa msikitini mliokaa upande ule wenye kivuli, asalamu aleikum, na ninyi wa hekaluni mliosimama nyuma wakati viti vya mbele vipo, tafadhali sogeeni mkae, historia hii ni ndefu na mwenye kuisoma ana mengi moyoni.

Nasimama kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake marehemu, wa pekee aliyezaliwa naye tumbo moja, na wifi yangu ameniomba mbele ya watoto nisome kilichoandikwa tu, nisiongeze chumvi, nami nimemkubalia kwa moyo mweupe, kwa sababu karatasi nimeiandika mwenyewe na chumvi imo tayari.

Marehemu kaka yangu, ambaye mtaa mzima mmezoea kumwita Mzee Birika, alizaliwa tarehe 9 Februari 1950, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu, fundi wa mabehewa, na mama yetu, aliyeshona sare za shule kwa cherehani ya mkono, akafaidi mapenzi ya wazazi wote wawili peke yake kwa miaka saba, ndipo nikaja mimi, kitinda mimba, nikamkuta keshazoea kupendwa. Nalitaja hili kwa sababu wapo hapa wanaodhani kaka yangu alianza kuishi siku alipohamia mtaani kwao. Thubutu! Kabla hajawa wenu alikuwa wangu, mgongo wake ndio ulionivusha reli kila asubuhi, na wa kwanza kumwita kaka katika dunia hii ni mimi, ninyi wengine mmedandia.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa jirani na karakana kuanzia mwaka 1957 hadi 1963, akaendelea na sekondari ya wavulana hadi 1967, akishika nafasi za katikati, naomba ieleweke hivyo, maana kwenye misiba kila marehemu huwa alikuwa wa kwanza darasani, kisha Januari 1968 akaingia chuo cha ufundi, akahitimu Desemba 1969 na cheti cha fundi bomba. Kuimba hakuweza hata kidogo, na wanakwaya mliovumilia sauti yake miaka yote hii, poleni.

Katika kipindi hicho alimpokea Kristo, akabatizwa Jumapili ya tarehe 15 Septemba 1968, mtoni, chini ya daraja la reli, kwa kuzamishwa mwili mzima kama sisi Wabatisti tunavyoamini, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, nimesimama ukingoni nimemshikia viatu. Nilitaka kuingia naye. Mmisionari aliyekuwa akibatiza akasema mtoto huyu bado mdogo, asubiri aelewe anachokifanya, nikaangua kilio mpaka kwaya ikapotea njia katikati ya wimbo, na kaka yangu, maji yakimchuruzika, akachuchumaa mbele yangu akaniambia nisilie, siku yako ikifika nitakuzamisha mimi mwenyewe. Siku yako, ndivyo alivyosema. Hakusema siku yenu, wala hakusema siku moja pamoja na wengine, na maneno yale mawili nimeyashika tangu siku ile, sijayaachia.

Alianza kazi katika idara ya maji ya mji mwezi Februari 1970, akapanda cheo mara mbili, na wazazi wakaanza kutembea vifua mbele, hadi ilipofika Machi 1976, kanisa letu lilipobandika ukutani tangazo la nafasi za huduma, likihitaji muuguzi, mwalimu, na mtu mwenye ufundi wa mikono aliye tayari kukaa kwa amani na watu wa dini mbalimbali. Mama alisema watu wa kwenda wako wengi, si lazima awe yeye. Kaka akajibu kwamba mafundi bomba wenye wito amewahesabu, amejikuta yuko peke yake, akaacha kazi, akaenda chuo cha Biblia, akahitimu Novemba 1979, akawekewa mikono kuwa mchungaji, na tarehe 12 Januari 1980 shirika la misheni likamleta katika mtaa huu, wenye msikiti upande ule wa barabara, hekalu nyuma ya maduka ya vitambaa, makanisa ya kila aina, na watu wasiosali popote, ambao aliwapenda kuliko wote kwa sababu ndio waliokuwa na nafasi Jumapili asubuhi.

Kazi aliyotumwa ilikuwa kuhubiri, kusimamia zahanati ya misheni, na kufungua darasa la watu wazima la kusoma na kuandika, lakini shida ya kwanza aliyoikuta ilikuwa maji, bomba la mtaa lilikuwa likikohoa hewa tu siku nyingi za wiki, na Mbatisti hawezi kubatiza mtu kwa kikombe. Akatuma ujumbe makao makuu kwamba kanisa lake linahitaji birika kubwa kwa ajili ya ubatizo. Mtunza stoo wa makao makuu, mtu mwaminifu, ila alikuwa amekulia katika dhehebu la kunyunyizia, akaona jambo lenyewe ni dogo, akamtumia birika la chai. La bati jeupe, kubwa kweli, na mfuniko wake, limeviringishwa kwenye magazeti. Kaka alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamtafuta mwashi, wakachimba na kujenga kwa mikono yao birika la saruji mnaloliona pale ubavuni mwa kanisa, lenye ngazi pande zote mbili na mifereji inayoshusha maji ya mvua kutoka paani, na kwenye ukuta wa upande wa barabara, bila kuagizwa na mtu, akafunga koki. Alisema maji yakikaa sana yananuka, lazima yawe na pa kutokea. Koki ile ndiyo iliyoniponza maisha yangu yote.

Maji ya kwanza ya birika lile yalikwenda kwa wifi yangu, muuguzi wa zahanati, ambaye utotoni alinyunyiziwa katika dhehebu la wazazi wake, hivyo ikambidi aanze upya, akazamishwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 19 Aprili 1981, na Jumamosi ya tarehe 8 Agosti mwaka huohuo wakafunga ndoa takatifu, wakabarikiwa watoto wawili, binti yao aliyezaliwa 1983, ambaye leo ni muuguzi kama mama yake, na mwana wao aliyezaliwa 1986, fundi bomba kama baba yake na shemasi wa kanisa hili. Mimi Pasaka hiyo nilikuwa nyumbani namuuguza baba, nikaletewa habari kwa mdomo kwamba kaka yangu amejenga birika, na wa kwanza kuingia ni mwanamke aliyemfahamu mwaka mmoja. Wifi, tumezeeka pamoja, tumepikiana, tumeuguzana, nakupenda kwa dhati, na lile bado halijanitoka moyoni.

Baada ya wazazi wetu kutangulia mbele za haki, nilihamia hapa mwishoni mwa 1982, nikafundisha darasa la kusoma na ushonaji, na kaka akaniambia nijiandae kubatizwa Pasaka inayofuata pamoja na watu sita. Nikakataa. Watu walisema nina kiburi, na ninyi mnaotikisa vichwa sasa hivi mlisema, lakini mimi sikuahidiwa kuwa wa saba kwenye foleni, niliahidiwa siku yangu, na nilipomkumbusha alicheka, akasema haya, tutalijaza birika kwa ajili ya siku yako.

Kweli akaanza kulijaza, Septemba 1983, wakati wa kiangazi, akiamka kabla ya jua kuvizia bomba likitoa kidogo, mpaka likajaa pomoni, na Jumamosi, siku moja kabla ya siku yangu, bomba kuu la mji likapasuka. Muadhini wa msikiti, huyu mzee aliyekaa pale, akaja mlangoni kwetu, akavua viatu, wala hakuomba kitu, aliuliza tu sisi hali ya maji ikoje. Kaka akaingia ndani, akatoka na lile birika la chai, akampa atawadhie, kisha akaenda kufungua koki. Jamani! Nilisimama dirishani nikiangalia watu wa msikitini, wa hekaluni, mama muuza mkaa, mpaka mlevi wa kona ile ambaye maji na yeye vilikuwa mbalimbali, wote wanakinga maji yangu, na jua lilipozama sakafu ya birika ilikuwa inaonekana. Birika la chai halikurudi ndani tena. Likawekwa pale chini ya koki kwa kila anayetaka kutawadha, na kutoka pale msikitini, si kutoka kwetu, ndipo lilipotoka jina la Mzee Birika. Hata jina walimpa wao.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 1988, likaja kushika moto duka la vitambaa, huyu mwenye duka yupo, hekaluni ni mtu mkubwa, atanisahihisha nikikosea, na watu wakajipanga mstari kutoka kwenye birika hadi dukani wakipokezana ndoo, nami nilikuwa katikati ya mstari ule, napitisha maji yangu kwa mikono yangu mwenyewe huku nalia, na watu wakadhani ni moshi. Baada ya hapo palitokea kipindupindu, zahanati ikayahitaji, mwaka mwingine ikawa harusi, mwingine mtoto wa jirani kaangusha ndama humo birikani, sijui aliingiaje, na kila mara kaka alikuja kwangu uso umemshuka, akanishika mkono, akasema mdogo wangu, wewe si mgeni, wewe utanielewa. Nilichoka kuwa mtu wa kueleweshwa. Wageni walipewa maji, mimi nikapewa maelezo.

Naomba mjue nilichokuwa nalipa. Katika kanisa letu asiyezamishwa si mshirika, hali Meza ya Bwana, wala hapigi kura, hivyo kwa miaka yote hii nimeimba kwaya, nimefundisha watoto wa shule ya Jumapili, watoto hao wamekua, wamebatizwa, wamekuwa mashemasi, nao ndio waliokuwa wakibeba sahani ya mkate na kunipita nilipoketi, wakiinamisha macho kwa aibu, maana walijifunza kwangu maana ya mkate ule. Wachungaji wageni walinionea huruma, wakajitolea kunibatiza kwao kwenye maji tele, na mmoja alinifuata mpaka jikoni. Nilimpa chai, akaenda zake. Sikuwa natafuta maji, nilikuwa natafuta mikono.

Mwaka 1994 baadhi ya washirika walileta hoja kikaoni kwamba birika la ubatizo lifungwe kwa mfuniko wa chuma na kufuli, na koki ing'olewe, kwa sababu kanisa limegeuka bomba la mtaa, na hoja hiyo ikaanguka kwa kura moja. Moja! Nilikuwa nje, nachungulia, nisiye na haki hata ya kunyoosha kidole, na kama kaka angekuwa amenibatiza ningenyoosha mikono yote miwili kuunga kufuli, kura zingelingana, mwenyekiti angelazimika kuamua, na mwenyekiti alikuwa ni yeye. Najua ningeshindwa. Lakini ningependa anishinde huku ananitazama usoni.

Marehemu alitumikia mtaa huu hadi alipostaafu Desemba 2015, na makao makuu waliokuwa wakiuliza kila mwaka amebatiza wangapi hawakuwahi kupata idadi ya kuwafurahisha, lakini darasa lake lilifundisha kusoma watu wa kila dini, na vijana wa kujitolea waliokuja likizo kutafuta nafasi za huduma, wakiuliza uwanja wa misheni uko wapi, aliwapa ndoo, akawaonyesha koki, akawaambia waanze na yule bibi wa mbele kwenye foleni. Kama mnadhani hakuwahubiria majirani zake mmekosea, aliwahubiria wazi, na muadhini naye akamjibu wazi, walibishana kwenye baraza ile mpaka chai ikapoa, wala hakuna aliyemhamisha mwenzake hata hatua, na kesho yake walikaa tena. Mimi nilipika chai hiyo. Nilisikia kaka yangu akimweleza muadhini mambo ya moyo wake ambayo mimi, damu yake, hakuwahi kunieleza, na nilikuwa naweka vikombe chini kwa kishindo ili wajue nipo.

Mwaka 2022 alianza kuvimba miguu, madaktari wakagundua kuwa moyo umetanuka, wifi akasema ulitanuka zamani ila mashine ndiyo imechelewa kuona, akatibiwa na kurudi nyumbani mara kadhaa, hadi tarehe 4 Machi 2024 alipolazwa wodi ya wanaume ghorofa ya pili, kitanda cha dirishani. Muadhini alimpelekea lile birika la bati, liwe la maji yake ya kunywa. Siku moja tulipobaki wawili nilivuta pazia la kitanda, nikachukua birika lile, nikamwekea mkononi, nikainamisha kichwa kitandani pake, nikamwambia kaka, nimechoka, mimina, Mungu anaona. Aliniangalia mimi, akaliangalia birika, akasema kwa sauti iliyobaki kwamba mimi si ua la kumwagiwa, ni mtu wa kuzamishwa, nikajaze birika, atakuja. Kwa maji alikuwa mkarimu hana mfano, kwa ubatizo alikuwa bahili hadi pumzi ya mwisho. Nililia kwa hasira njia nzima.

Aliruhusiwa kurudi nyumbani tarehe 2 Mei, mwanawe akaleta gari la maji, na Jumamosi ya tarehe 11 Mei birika likajaa, koki ikafungwa kwa waya, waya nilikaza mimi, mpango ukiwa Jumapili asubuhi kaka akae kwenye kiti juu ya ngazi ya kwanza, shemasi mwanawe anishike, na yeye aniwekee mkono mgongoni. Saa kumi jioni ya Jumamosi hiyo, akiwa kitandani, mkewe akimrekebishia mto, aliuliza kama maji yamejaa, akaambiwa yamejaa, akasema vizuri, akafumba macho, naye akafariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini na minne.

Bomba jioni ile lilikuwa kavu. Wazee walihitaji maji ya kumwosha, wakasimama mlangoni wakinitazama, nikaenda mwenyewe kufungua waya. Ndoo ya kwanza ilikuwa yake. Baada ya hapo msiba ukajaa, watu wakanywa, wakapika, wakanawa, na kufikia jana jioni maji yalikuwa yananifika magotini, nikasema moyoni, kaka, hata leo?

Leo, tarehe 14 Mei, nilipotoka asubuhi kwenda kuangalia, nilikuta foleni. Nikajua wamekuja kuchota, nikashika kiuno, maneno yakiwa tayari mdomoni, ndipo nikaona ndoo zinakuja zimejaa na kuondoka tupu. Mwenye duka la vitambaa alikuwa amebeba mbili, suti yote imelowa, watu wa msikitini wamefungua tangi lao, mama muuza mkaa kaleta dumu kichwani, na muadhini, ambaye hawezi kunyanyua ndoo tena, anakwenda na kurudi na lile birika la chai, anamimina, anarudi kujaza. Ningetaka kuwaambia kwamba nilishukuru papo hapo. Nilikasirika. Hata kunijazia, kazi aliyokuwa ameniahidi kaka yangu, walitaka wawe wao. Nikasimama pale nimenuna, nao kwa kuwa wananijua wakaendelea kumimina, na nilipotazama maji yalikuwa yamefika kifuani.

Kikao cha washirika kilichokaa jana kimekubali, bila mkono hata mmoja kupinga, kwamba tukitoka makaburini nizamishwe, na atakayenizamisha ni shemasi, mwana wa marehemu, mwenye mikono ileile, mipana, yenye kovu la spana kwenye gumba. Nimekataa kuchangia siku yangu na mtu yeyote tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja. Sikuchangia na wifi, sikuchangia na wale sita wa Pasaka, na leo nazungusha macho naona siku yenyewe ndiyo hii, na mwenyewe kalala hapa mbele, watu wote wamemjia yeye. Haya, kaka. Nachangia na wewe tu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya ghorofa ya pili waliomhudumia kwa upole hata alipowasahihishia mabomba yao, inawashukuru wachungaji na watumishi wenzake wa misheni, walimu wa darasa la watu wazima, na majirani wa kila dini, ambao nimewaonea wivu miaka yote, na wivu huo msitarajie utaishia majini. Koki nimeifunga waya. Asichote mtu kabla yangu. Nikishatoka, nitaifungua mwenyewe, birika la bati liko chini pale, na muadhini aanze.

Pumzika kwa amani, kaka, na maji ya leo uniachie mimi.